Jinsi ya kupima mradi kabla haujapitishwa mtaani: mwongozo kamili, na mfano wa barabara ya mwaloni huku Mwanza

Jamani hili swali naulizwa karibu kila wiki na watu wa mitaa ya Ilemela na Nyamagana, na juzi tena dada mmoja kanipigia analalamika kwamba mradi ukija, iwe barabara, mtaro, stendi au mwalo mpya (pale mitumbwi inaposhushia samaki), wananchi wanaitwa kikaoni wanaonyeshwa ramani moja tu, wanaulizwa mnaonaje, wanapiga makofi, wanaondoka, alafu baada ya mwaka ndo wanagundua maji ya barabara yote yanaingia vyumbani kwao. Mimi hilo limenikuta. Nyumba yetu ya zamani barabara ilinyanyuliwa juu ya kizingiti cha mlango na hakuna hata mmoja kati yetu aliyeuliza kikaoni maji yataenda wapi, na hapo nilikuwa nimeshafanya kazi ya kuhesabu magari barabarani kwa hiyo sikuwa na kisingizio cha kutojua.

Nitakachoandika hapa ni njia ambayo wataalamu wa mipango wanaitumia kulinganisha machaguo kwa vigezo vingi kwa pamoja, ila nimeishusha mpaka unaweza kuifanya na daftari, kalkuleta ya simu na kilo moja ya maharage. Namba za mfano nimezitunga za kufundishia tu, usiende kuzinukuu popote. Sheria na historia ni za kweli.

Andika tatizo, suluhisho liache kwanza

Watu wengi wanakosea hapa hapa mwanzoni. Ukiuliza mtaani shida ni nini unaambiwa "tunataka lami". Hilo ni suluhisho, sio tatizo, na ukishaliandika hivyo umeshafunga mlango kwa machaguo mengine yote. Uliza tena, lami ya nini? Utasikia mvua ikinyesha bodaboda hazishuki mwaloni, magunia ya dagaa yanalala, na dagaa aliyelala na unyevu asubuhi amebadilika rangi anaishia kununuliwa kwa bei ya chakula cha kuku. Sasa umepata tatizo, kwamba mzigo hautoki mwaloni siku ya mvua. Liandike kwa sentensi moja juu kabisa ya daftari, na kila mtu akianza kupotea kwenye mjadala mrudishe pale.

Jua mpaka wa jambo lenu na mwenye barabara

Barabara kuu na za mkoa ziko TANROADS, za wilaya na mitaa ziko TARURA, nauli na njia za daladala ziko LATRA. Ukipeleka barua pasipo penyewe umepoteza miezi, na mwaka wa fedha ukianza Julai 1 bajeti imeshafungwa zamani, kwa hiyo kazi hii ya kupima ianze mapema, wakati vipaumbele vya mtaa vinakusanywa kupelekwa kata.

Alafu kuna mpaka wa watu. Angalieni daraja la Kigongo–Busisi lililozinduliwa Juni 19, 2025. Lina urefu wa kilomita 3 hivi, sehemu ambayo tulikuwa tunapanga foleni kusubiri kivuko sasa unapita kwa dakika chache, na mgonjwa anayeletwa hospitali ya Bugando kutoka Sengerema hasubiri tena usiku ukingoni. Hiyo faida haipimiki kwa macho ya mtu wa Kigongo peke yake, imefika Geita na mbele zaidi. Ila hapo hapo kuna mama aliyekuwa anauza mahindi ya kuchoma na maji kwa abiria wa ile foleni, na foleni ndo ilikuwa wateja wake. Sisemi daraja lisingejengwa, hapana kabisa, nasema ukipima mradi chora mduara mpana wa kuingiza wote, anayenufaika mbali na anayepoteza karibu.

Machaguo yawe zaidi ya moja, na "tuache ilivyo" iwemo

Mfano wetu, barabara ya udongo inayoshuka mwaloni. Machaguo manne:

A. Kuacha ilivyo, kila mwaka greda na changarawe.
B. Lami kwa njia fupi inayofuata ufukwe.
C. Barabara ya mawe kwenye njia ile ile ya sasa na mitaro mikubwa pembeni, kama zile zilizojengwa kwenye vilima vyetu vya Mwanza.
D. Lami kwa njia mpya ya juu, inazunguka nyuma ya shule.

Ile A usiidharau. Ndo mizani yenyewe, bila hiyo hujui mradi unaongeza nini. Na sio bure, greda linakunywa hela kila mwaka.

Chuja kwa mambo ya lazima kwanza

Kuna vigezo vya kupima na kuna vigezo vya kufaulu au kufeli. Usivichanganye. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu au zenye kuweza kuharibu ufukwe na kingo za mto ndani ya mita 60. Toka hapo mwaloni na kamba ya mita 60, nyoosha kutoka kwenye maji, utaona chaguo B inapita ndani karibu urefu wake wote. Basi inatoka, hata kama ndo ya bei rahisi na hata kama diwani anaipenda. Miradi mingine itahitaji pia tathmini ya athari kwa mazingira na cheti kupitia NEMC, baraza la taifa la mazingira, uliza mapema mradi wenu uko kundi gani.

Kwanini nasisitiza kuitoa kabla ya hesabu? Kwa sababu ukiiacha humo, ubovu wake wa mazingira utafidiwa na alama zake nzuri za gharama, na mwisho inaweza hata kushinda. Hesabu za kujumlisha zina tabia hiyo, kila kitu kinaweza kununuliwa na kitu kingine. Vitu visivyouzwa viwekwe nje ya mizani kabla ya kuanza.

Vigezo: vichache, na visihesabu jambo moja mara mbili

Vinne mpaka sita vinatosha. Sisi tutumie vinne, gharama ya miaka 15, dakika za kutoka mwaloni hadi barabara kubwa siku ya mvua, nyumba zitakazoondolewa, na udongo unaoingia ziwani. Mtu atasema ongeza mafuta ya pikipiki, ongeza nauli, ongeza mzigo kuharibika. Angalia, vyote hivyo vinatokana na zile dakika, ukiviweka vyote umeipa safari kura nne na nyumba kura moja, hata kabla hujaanza kupanga uzito. Kuna watu wanafanya hivi kwa makusudi. Mkubaliane vigezo KABLA hamjaona alama za machaguo, na muandike tarehe, maana mtu akishajua chaguo lake linashindwa wapi ataleta kigezo kipya cha kuliokoa.

Nenda saiti upime mwenyewe

Hii ndo naipenda. Siku tatu tofauti, siku ya kawaida, siku ya soko, na siku ya mvua, kaa njiapanda na daftari ugawanye muda kwa robo saa robo saa, na kila robo piga vijiti: waenda kwa miguu, baiskeli, pikipiki, bajaji, magari ya mzigo. Watu wa miguu usiwasahau, ndo wengi na ndo kila siku wanasahauliwa. Kwa dakika za safari usiulize, panda bodaboda yenye gunia ukiwa umewasha saa ya simu. Nyumba zihesabu kwa kutembea mstari wenyewe na mwenyekiti wa mtaa, sio kwa kuangalia ramani.

Udongo je? Siku mvua kubwa inashuka chukua chupa ya lita 1 ukinge maji ya mtaro pale yanapoingia ziwani, iache isimame usiku mzima mezani. Asubuhi pima kwa rula tope lililojikusanya chini. Nilifanya hivyo kwenye korongo moja linalomwaga mto Mirongo, tope lilifika vidole viwili na juu maji bado yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, nikaibeba ile chupa mpaka kikaoni nikaiweka mbele bila kusema neno. Hakuna taarifa niliyowahi kuisoma kikaoni iliyosikilizwa kama ile chupa ilivyoangaliwa. Sio kipimo cha maabara, inakusaidia kupanga kipi kibaya kuliko kipi, na hiyo inatosha kuanzia.

Hela ya leo na hela ya kesho

Twende taratibu hapa maana ndo watu wanaburuzwa.

A inakula milioni 60 kila mwaka. C inajengwa kwa milioni 700 na matunzo milioni 12 kwa mwaka. D milioni 1,150 na matunzo milioni 8. Ukijumlisha tu miaka 15, A ni milioni 900, C milioni 880, D milioni 1,270. Kwa hiyo C ni rahisi kuliko kuacha ilivyo!

Lakini mchumi atakuja atasema hela ya kesho haina thamani kama ya leo, na ana hoja, kwa sababu milioni ya leo ukiiweka kwenye biashara inazaa. Anapunguza kila shilingi ya mbele, tuseme kwa asilimia 10 kwa mwaka. Kwa kiwango hicho malipo ya kila mwaka kwa miaka 15 unayazidisha na 7.606 badala ya 15 (ndo jumla ya shilingi 1 ya kila mwaka ikishapunguzwa hivyo). A inakuwa 456, C inakuwa 791, D inakuwa 1,211. Ghafla A ndo rahisi na kwa mbali. Barabara ni zile zile, greda lile lile, kilichobadilika ni ile asilimia tu aliyoandika mtu ofisini.

Kwa hiyo swali la kwanza kuuliza ukiletewa hesabu ni umetumia asilimia ngapi, na ukitumia 5 inakuwaje. Kwa asilimia 5 unazidisha na 10.38, A inakuwa 623 na C 825, pengo linapungua sana. Na kwa mambo ya ziwa kuwa mkali zaidi, kwa sababu hasara ya milioni 1 itakayotokea miaka 30 ijayo kwa asilimia 10 leo inasomeka kama shilingi elfu 57 na kidogo. Samaki wa wajukuu zetu wanapotea kwenye kalkuleta kabla hawajapotea kwenye maji. Ndo maana mimi udongo wa ziwani siugeuzi hela, nauacha kama kigezo chake chenyewe.

Waingereza walijifunza hili kwa gharama. Mwaka 1968 waliunda tume kutafuta sehemu ya uwanja wa tatu wa ndege wa London, ikapiga hesabu ya gharama na faida kubwa kuliko zote walizokuwa wamefanya hadi wakati ule, kila kitu kikageuzwa pauni, na Januari 1971 ikapendekeza Cublington. Mjumbe mmoja tu, Colin Buchanan, akakataa, akataka pwani ya Foulness. Wananchi wakachachamaa, serikali ikachagua Foulness, na 1974 ikaufuta na huo mradi. Miaka yote ile ya hesabu, na uwanja haukujengwa hata kwenye sehemu moja kati ya hizo.

Geuza kila kitu kiwe alama

Huwezi kujumlisha dakika na nyumba. Kwa hiyo kila kigezo, kibaya kuliko vyote kipe 0, kizuri kuliko vyote kipe 1, cha katikati kipate sehemu yake. Dakika siku ya mvua: A 50, C 20, D 15. Kutoka 50 hadi 15 ni dakika 35, C imeokoa 30, basi 30 gawa kwa 35 ni 0.86. Nyumba: A 0, C 3, D 14. Udongo tumepanga nafasi tu, A mbaya zaidi, D katikati kwa sababu inakata kilima, C nzuri.

Gharama (zile za asilimia 10): A 1, C 0.56, D 0
Dakika: A 0, C 0.86, D 1
Nyumba: A 1, C 0.79, D 0
Udongo: A 0, C 1, D 0.5

Tahadhari moja kubwa. Hizi alama zinategemea nani yuko kwenye jedwali. Akija mtu akaongeza chaguo la tano la ajabu ajabu, tuseme flyover ya bilioni 3, ghafla D kwenye gharama haipati 0 tena inapata 0.70, bila kupunguza hata shilingi. Nimeshaona jedwali lina chaguo ambalo hakuna mtu aliyekuwa na nia ya kulijenga, limewekwa pale kumsaidia mwenzake aonekane wa bei poa. Likija chaguo la hivyo liulize, nani anakutaka wewe?

Uzito: hapa ndo maharage yanaingia

Kigezo kipi kizito kuliko kipi sio swali la mtaalamu, ni la wenye mtaa. Weka bakuli nne, kila mtu mpe punje 20 za maharage, agawe. Ila usiulize "gharama na muda kipi muhimu", hilo swali halina maana, uliza kwa namba zenyewe: kutoka milioni 456 hadi 1,211, na kutoka dakika 50 hadi 15, na kutoka nyumba 0 hadi 14, pengo lipi linakuuma zaidi?

Na makundi yahesabiwe tofauti. Nakumbuka kikao kimoja kwenye baraza la shule, kulikuwa na mama muuza dagaa, watu wanamwita Mayu, alizishika punje zake muda mrefu mkononi, akaweka kumi kwenye dakika, sita kwenye udongo, akabaki na nne anaziangalia. Kijana akamwambia mama malizia tunasubiri. Akasema "mwanangu, hizi mbili naweka kwenye nyumba, sio za kwangu ila naweka". Mbili za mwisho gharama. Tungechukua wastani wa ukumbi mzima, hilo la Mayu lingemezwa na wanaume thelathini wa kijiwe cha bodaboda.

Ukitumia mgao wa Mayu, gharama 10, dakika 50, nyumba 10, udongo 30 kwa mia, A inapata 0.20, C 0.86, D 0.65. Chukua wenye nyumba za mlimani, wao nyumba 60, udongo 20, gharama 10, dakika 10, wanapata A 0.70, C 0.81, D 0.20. Watu wawili wasiokubaliana kwa karibu kila kitu, chaguo lao limekuwa moja. Hili ndo jambo la kulitafuta, na kwenye vikao vya kupigiana kelele halionekani kamwe kwa sababu kila mmoja anatetea kigezo chake wakati tayari wanakubaliana kwenye chaguo.

Tikisa jedwali

Usiamini jibu ambalo hujalitikisa. Ongeza uzito wa gharama kidogo kidogo huku vingine vikigawana sawa kilichobaki. Utaona A inaishinda C gharama ikizidi kama asilimia 55 ya uzito wote. D yenyewe haishindi mpaka dakika zifike asilimia 81. Hizo namba mbili zina faida kuliko jedwali lote, maana mtu wa bajeti akikataa C unamuuliza kwa heshima tu, mzee, kwa hiyo unasema gharama ni zaidi ya nusu ya kila kitu, zaidi ya nyumba, ziwa na safari vikijumlishwa? Ajibu mbele ya watu.

Tikisa na ziwa pia. Victoria sio beseni la kukaa sehemu moja. Kuanzia 1961 mpaka 1964 lilipanda zaidi ya mita 2, na 2020 likapanda tena likavunja rekodi, wanaoishi ufukweni wanakumbuka maji yalifika wapi, waulize wakuonyeshe ukutani. Tuseme kipande cha mwisho cha C inabidi kinyanyuliwe, ongeza milioni 90. Alama ya gharama inashuka hadi 0.44, na kwa uzito sawa C inatoka 0.80 inakuja 0.77 dhidi ya 0.50 ya A. Bado imesimama. Ingeanguka, ungejua mapema kwamba chaguo lenu ni la miaka ya ziwa dogo tu.

Nani analipa

Jedwali linajumlisha, na kwenye kujumlisha mtu mmoja mmoja anafutika. Zile nyumba 3 za C zina wenyewe. Andika kwa kila kundi anapata nini anapoteza nini, mvuvi, mwenye kichanja cha kuanika, mpangaji (mpangaji kila siku anasahauliwa), mtoto wa shule. Kisheria fidia ya ardhi inaangalia thamani ya soko, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi na faida ya biashara iliyopotea, ila hiyo ya mwisho wanaweza kutaka mahesabu yaliyokaguliwa, na mwenye vichanja ana daftari la kukopesha tu. Kwa hiyo kama chaguo lenu linamgusa, sehemu mpya ya kuanikia iingizwe kwenye gharama ya mradi tangu mwanzo, isiachwe iwe ahadi ya mdomo.

Peleka, na ubaki na nakala

Karatasi mbili zinatosha. Ya kwanza tatizo, machaguo, lililochujwa na kwanini, jedwali. Ya pili uzito wa kila kundi, zile namba za kutikisa, na orodha ya wanaopoteza. Isomwe kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa, iingie kwenye muhtasari na sahihi, mtendaji aipeleke kamati ya maendeleo ya kata, diwani aibebe. Bango mliloandikia jedwali kwa maka pigeni picha wote, kila mtu na simu yake.

Ikijengwa, iwe C au hata nyingine, usitupe daftari. Mvua kubwa ya kwanza ya Machi panda tena bodaboda yenye gunia, washa saa, alafu andika dakika mpya pembeni ya ile 50.